Mtoto hana alama mwilini, lakini una wasiwasi naye: ufanye nini, hatua kwa hatua

Swali hili linanijia kila muhula. Linaletwa na walimu wapya, majirani, akina mama wa vikoba, na mara nyingine bibi anayemtilia shaka mwanawe wa kumzaa: "Mtoto hapigwi, ila naona kuna kitu hakiko sawa. Nifanye nini? Na nikiwa nimekosea je?" Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya msingi hapa Tanzania. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, sasa naliandika.

Hapa nazungumzia ukatili usioacha kovu: masimango, kunyimwa matibabu, kugeuzwa mtumishi, kufichwa ndani, kurubuniwa taratibu. Mtoto aliyevunjwa mkono kila mtu anamwona. Hawa wengine wanapita mbele yetu kila asubuhi wakiwa na sare zao, tunawaitikia shikamoo, tunaendelea na safari. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa 2011, ulionyesha kuwa takribani robo ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18. Katika darasa la watoto 60, robo ni watoto 15.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Daftari dogo la kwako peke yako, lisiloachwa mezani wala kwenye kabati la ofisi lisilofungwa.
- Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure. Kenya na Uganda nako namba ni hiyo hiyo.
- Majina na namba za watu watatu: mtendaji wa mtaa au kijiji, afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi cha karibu. Zitafute leo. Siku ya shida utakuwa na haraka na hofu, na mtendaji atakuwa kwenye kikao.
- Muda. Jambo lisilo la dharura linahitaji wiki mbili hadi nne za kutazama.
- Mtu mmoja wa kushauriana naye, mwenye kifua cha kutunza siri. Mmoja tu.

Hatua ya 1: Toa kwanza yale yasiyosubiri

Usifungue daftari wala usihesabu wiki ikiwa mtoto amekuambia, au una sababu ya kuamini, kwamba ameingiliwa kimwili. Ikiwa amesema anataka kufa. Ikiwa ni mdogo na ameachwa peke yake usiku. Au ikiwa anaumwa sana na wakubwa wa nyumba wanakataa kumpeleka hospitali. Hayo ni ya leo.

Kwa mtoto aliyeingiliwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asiogeshwe. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kama hospitali ya karibu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, nenda hapo moja kwa moja, kwa sababu daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja na mtoto hatalazimika kusimulia upya kila mlango.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 aliyekonda, mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na huyo anahitaji matibabu kabla ya mjadala wowote kuhusu nani mwenye kosa.

Hatua ya 2: Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe

Watu wengi wanaanza kwa orodha ya dalili waliyoipata mahali, na kila mtoto wanayemtazama anaonekana ana dalili tano. Achana na orodha. Anza kwa kuuliza: mtoto huyu alikuwaje muhula uliopita?

Aliyekuwa msemaji amenyamaza. Aliyeacha kukojoa kitandani ameanza tena. Aliyekuwa wa kwanza kutoka kengele ikilia sasa anazungukazunguka uwanjani mpaka mlinzi amfukuze. Mabadiliko hayo ndiyo yanayozungumza. Mtoto aliyezaliwa mpole si tatizo. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mpole ndani ya mwezi mmoja ni jambo la kuandika.

Tazama siku pia. Anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi huenda anaogopa kitu shuleni. Anayeumwa tumbo kila Ijumaa mchana huenda anaogopa wikiendi. Walimu wengi tunampa maji, tunamlaza ofisini, wala hatuangalii kalenda.

Angalizo: mtoto kuinamisha macho anapoongea na mkubwa ni adabu aliyofundishwa. Orodha nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali zinaihesabu kuwa dalili. Usiiandike.

Na kuna mtoto mmoja ninayewaomba walimu wenzangu wamtazame mara mbili: yule mtiifu kupita umri wake. Hakosei, hachezi, anafagia bila kutumwa, akidondosha kalamu anatetemeka na kuomba radhi mara tatu. Huyu tunampa zawadi ya nidhamu. Wakati mwingine nidhamu ile ni hofu tupu.

Hatua ya 3: Mlinganishe na watoto wengine wa nyumba hiyo hiyo

Kama ungebaki na hatua moja tu katika mwongozo wote huu, ibaki hii. Nyumba inaweza kuwa maskini, kali, yenye kelele, na bado ikawatendea watoto wote sawa. Mashaka yaanzie pale mtoto mmoja anapokuwa na maisha yake tofauti chini ya paa lile lile.

Mara nyingi huyo mmoja ni mtoto wa kambo, yatima aliyechukuliwa na ndugu, mtoto wa binti wa nyumba aliyezaa kabla ya ndoa, au binti aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa na sasa ndiye dada wa kazi. Jiulize:

Nani anakula nini? Wenzake wakila wali, yeye anapewa ukoko; wenzake wakiwa mezani, yeye anasubiri jikoni. Nani analala wapi? Nani anaamka saa ngapi? Siku ya kuugua, nani anapelekwa zahanati na nani anaambiwa "atapoa tu"? Sikukuu ikifika, nani anashonewa nguo? Nani anaitwa kwa jina, na nani anaitwa "wewe"?

Kazi za nyumbani zenyewe si ukatili. Mtoto wa Kiafrika anachota maji, anaosha vyombo, anamshika mdogo wake, na hayo ni malezi. Lakini ikiwa binti wa miaka 11 anaamka alfajiri kuchoma vitumbua, anavitembeza kabla ya shule, anarudi kufua nguo za watu sita, na watoto wa umri wake ndani ya nyumba hiyo wanaangalia katuni, hapo hakuna malezi. Alama zake utaziona darasani: anasinzia kipindi cha kwanza, anachelewa siku zile zile, mikono yake ina michubuko ya sabuni, daftari la kazi za nyumbani liko tupu.

Mlemavu wa nyumba anahitaji jicho la pekee, kwa sababu huenda humwoni kabisa. Unajua nyumba ya jirani ina watoto watatu. Mwaka wa tano ndipo unagundua kuna wa nne chumba cha uani. Ukisikia sauti ya mtoto ambaye hukuwahi kumwona akitoka, andika. Wengine wanafichwa kwa aibu, wengine kwa hofu kwamba watadhuriwa. Sababu inaweza kuwa na huruma ndani yake, lakini mtoto anabaki hana shule, hana mazoezi ya viungo, hana jua.

Hatua ya 4: Tenganisha umaskini na kutelekezwa

Kosa la kumshtaki mama maskini ni baya, na linafanyika sana. Viatu vilivyotoboka si ushahidi. Mlo mmoja kwa siku katika nyumba ambayo mama naye anakula mlo mmoja si utelekezaji. Ni njaa, na dawa yake ni msaada.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mzazi wajibu wa kutoa chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Kifungu cha 95, kinachompa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, kinamzungumzia mzazi au mlezi mwenye uwezo ambaye anakataa au anapuuza. Basi swali lako liwe: uwezo upo? Na njia ikifunguliwa, anaitumia?

Jaribu hivi. Mtoto ana sikio linalotoa usaha mwezi mzima. Mwambie mzazi kwa upole kwamba mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na kwamba kwa mkubwa asiye na uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini inashughulikia msamaha. Mzazi aliyeelemewa kwa kawaida atakwenda, hata kama ni wiki ijayo. Anayepuuza atakuwa na sababu mpya kila ukimuuliza, huku baa anaonekana kila jioni. Tofauti hiyo iandike na tarehe.

Upande wa pili unasahaulika zaidi. Kuna mtoto wa nyumba yenye geti, gari mbili na kabati lililojaa, ambaye hakuna mtu mzima aliyemuuliza siku yake imekuwaje tangu shule zifunguliwe. Baba safari, mama kazini mpaka saa nne usiku, dada wa kazi naye ni mtoto wa miaka 15. Tableti ndiyo inayomlea. Watu hawathubutu kuita hali hiyo kutelekezwa kwa kuwa ada imelipwa. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, na mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi: mtoto wa miaka sita anahitaji mtu wa kumfunika shuka usiku anapolia.

Hatua ya 5: Sikiliza anachoambiwa, na anachojisemea

Mkubwa aliyekasirika akafoka, kesho akacheka na mwanawe, ni mzazi aliyechoka. Unachotafuta ni maneno yanayorudi kila siku kwa mtoto yule yule: "Mama yako alikutupa." "Unakula bure." "Ningejua ningekutoa." "Ukisema nje nakurudisha kijijini." Pia ukimya: kununiwa wiki nzima, kupitwa kama kiti.

Baada ya muda mtoto anayachukua maneno hayo yanakuwa yake. Utamsikia mchezoni akimwambia mwanasesere, au akijiambia mwenyewe baada ya kukosa hesabu: "Mimi ni mjinga, sina faida." Yaandike kama alivyosema, neno kwa neno.

Mtoto anayeshuhudia mama akipigwa naye yumo humu, hata kama yeye hajaguswa. Usiku wa ugomvi halali. Asubuhi yuko mbele yako na macho mekundu.

Hatua ya 6: Tazama nani amemsogelea kupita kiasi

Kurubuniwa kunafanana sana na wema, ndiyo maana wazazi wazuri hawaoni. Mtu mzima anamchagua mtoto mpweke au mwenye shida. Anampa chipsi, vocha, lifti ya bodaboda, pesa ya daftari. Anamtenga kidogo na wenzake. Anaanzisha siri ndogo isiyo na madhara, kisha kubwa zaidi. Mwishoni zawadi zinageuka vitisho. Anaweza kuwa mpangaji, mjomba, mwalimu wa tuisheni, au rafiki wa mtandaoni anayejifanya kijana wa miaka 14.

Alama zake: vitu vipya ambavyo mtoto hawezi kueleza vimetoka wapi, simu inayofichwa unapokaribia, maneno ya kikubwa asiyoyajua mwezi uliopita, kumkwepa ghafla mtu aliyekuwa anamkimbilia. Na wavulana wamo. Kwao watu hawaangalii, na wao wanaona aibu maradufu kusema.

Hatua ya 7: Andika ulichokiona, si ulichokifikiri

Mistari miwili inatosha: tarehe, saa, mahali, ulichokiona au kusikia.

Mbaya: "Mama wa kambo anamtesa."
Nzuri: "Jumanne tarehe 4, saa 4:20 asubuhi. Alipewa uji wa shule, akanywa nusu, nusu akamimina kwenye chupa ya maji na kuificha kwenye begi. Nilipomuuliza alisema ni ya usiku."

Afisa ustawi akipokea mistari ya namna ya pili, ana pa kuanzia. Ile ya kwanza inampa ugomvi tu. Usimpige mtoto picha. Usitumie jina lake kamili kwenye daftari. Alama yako binafsi inatosha.

Hatua ya 8: Zungumza na mtoto mara moja, vizuri

Chagua mahali panapoonekana lakini pasiposikika, kwa mfano chini ya mti pembeni ya uwanja. Kaa chini, usimsimamie. Mwambie ulichokiona: "Nimeona siku hizi unachelewa kwenda nyumbani. Niambie kuhusu hilo." Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza, usikijaze.

Akianza, maswali yako yawe mawili tu: "Halafu ikawaje?" na "Kuna kingine ungependa nijue?" Usimtajie mtu wala tendo. Ukiuliza "Baba ndiye anayekufanyia?", hata jibu la kweli litatiliwa shaka baadaye, kwa kuwa wewe ndiye uliyelitamka kwanza.

Usiahidi siri. Sema: "Nitawaambia watu wachache tu ambao kazi yao ni kukusaidia." Usikunje uso, usilie mbele yake. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako." Baada ya hapo acha. Usimrudishe kesho asimulie tena. Kuchunguza kuna wenyewe.

Hatua ya 9: Peleka taarifa

Huhitaji uhakika wala kumjua mkosaji. Mashaka yenye sababu yanatosha. Shuleni, anza na mwalimu wa malezi au mwalimu mkuu, na umwombe aandike kwamba amepokea. Mtaani, nenda kwa mtendaji au afisa ustawi wa jamii. Mitaa na vijiji vingi pia vina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Penye harufu ya jinai, Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiogopa kuonekana, piga 116. Andika jina la aliyepokea taarifa na tarehe.

Makosa yanayomuumiza mtoto zaidi

Kumwita mzazi shuleni na kumweka kitako mbele ya mtoto. Atakana kwa upole ofisini, na mtoto atalipa usiku.

Kupeleka habari kwenye kundi la WhatsApp "ili tusaidiane". Mtaa mzima utajua kabla ya afisa ustawi, na mtoto atanyooshewa kidole kisimani.

Kumchukua mtoto ukakae naye kwako bila kumwambia mtu. Nia njema hiyo inaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa. Ikiwa usiku huo hana pa kulala salama, mjulishe mtendaji au polisi kwanza, na wao waseme alale wapi.

Kumwambia mtoto "vumilia, ni wazazi wako".

Ukikwama

*Mtoto amekana kila kitu.* Kawaida. Huenda ametishwa, huenda anampenda anayemuumiza, na mara nyingi yote mawili. Usimwite mwongo. Mwambie mlango uko wazi, uendelee na hatua ya 2 na 3. Taarifa haitegemei kukiri kwake.

*Nilikosea, hakukuwa na ukatili.* Basi familia imetembelewa na mtu wa ustawi, pengine imepata na msaada. Ukiwa uliandika ulichokiona tu, hukumzushia mtu lolote.

*Nimetoa taarifa, wiki tatu kimya.* Rudi kwa yule yule na tarehe zako. Akikuzungusha, panda ngazi: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha 116 nao wafuatilie. Maafisa hawa ni wachache na kata ni nyingi. Anayekumbusha kwa adabu bila kuchoka ndiye faili lake linalofunguliwa.

*Mhusika ni kaka yangu.* Hili ni zito kuliko yote, na watu wanaliahirisha miaka. Usiende kumkabili peke yako. Mtafute mkubwa wa ukoo ambaye kaka yako anamheshimu na ambaye mtoto hamwogopi, ikiwa jambo ni masimango au kazi nyingi. Ikiwa ni kuingiliwa kimwili, usipitie ukoo hata kidogo.

*Familia mbili zimekaa, zimelipana, wanasema yamekwisha.* Kosa la kujamiiana dhidi ya mtoto ni kesi ya Jamhuri. Wazee hawana mamlaka ya kulifuta, wala fedha iliyopokelewa haizuii polisi kuendelea. Wajulishe Dawati kuwa kikao kimefanyika na waliokaa ni akina nani.

*Mtoto amehamishwa ghafla.* Uhamisho wa shule unaacha karatasi. Mwalimu mkuu anajua ameombewa nafasi wapi. Amwandikie mwenzake wa shule mpya, na wewe mpe afisa ustawi jina la shule hiyo na la kata yake siku hiyo hiyo. Kama hakuna karatasi yoyote na nyumbani wanasema tu "yuko kwa shangazi yake", taarifa hiyo iende polisi na 116 bila kusubiri muhula uishe.